Njia Isiyo na Alama ya X

Shamba la mpunga likigeuzwa viwanja pembezoni mwa Ubaruku, kinachokufa mwisho ni tuta. Maji yameshakatwa, majaruba yamekauka na kupasuka, matofali ya kuchoma yameshamwagwa, lakini lile tuta lililotenga jaruba moja na jingine bado lipo, na watu wanapita juu yake. Walipita hapo miaka yote kwenda kupalilia, kufukuza ndege na kufungulia maji. Sasa wanapita kwenda dukani, shuleni na mashine ya kukoboa. Halina jina wala upana unaojulikana, na halimo kwenye ramani ya ofisi yoyote. Mwenye shamba ndiye anayejua linakoanzia na linakotokea, na siku atakapokata kipande cha mwisho cha shamba lake, yeye ndiye atakayeamua kama litapona.

Tumezoea kufikiri kwamba mji hupangwa na watu wenye vyeo. Tunamfikiria waziri, mkurugenzi wa halmashauri, mtaalamu aliyekunjua ramani kubwa mezani. Wapo, na kazi yao ipo. Ila mtaa watakaoutumia wajukuu wa Ubaruku unachorwa leo na watu wawili waliosimama shambani na kamba, mmoja anauza na mwenzake ananunua, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Wakiacha mita nne, pana mtaa. Wasipoacha, hapana mtaa, na uwezekano wa kuupata baadaye ni mdogo kuliko tunavyopenda kuamini. Nitaieleza sababu, maana naona Ubaruku na miji midogo mingine ya Nyanda za Juu Kusini iko katika kipindi kifupi ambacho jambo hili bado lina bei nafuu.

Kwa asiyeijua, Ubaruku iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, ndani ya bonde la Usangu. Wapenzi wa soka wanaijua kwa Uwanja wa Highland Estate, ambako Novemba 2022 Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kukomesha mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilitamka jina la Mbarali wiki ile. Timu yenyewe imeshahamia Singida. Mitaa haihami.

Mji huu umezaliwa na maji. Wabaluchi waliokuja Usangu enzi za ukoloni ni miongoni mwa waliochimba mifereji ya mwanzo ya mpunga katika bonde hili. Miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa China, ikajenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali linalovuta maji ya Mto Mbarali, likawa chini ya shirika la umma la NAFCO, na baadaye likabinafsishwa. Watu walikuja kufanya vibarua, wengine kukodi majaruba, wengine kununua mpunga na kuuza sukari na mafuta ya taa. Wakajenga pale palipobaki: kandokando ya barabara inayokwenda Rujewa, kando ya mfereji, kwenye ukingo wa shamba kubwa. Kwa hiyo mifupa ya mji iliwekwa na wahandisi wa umwagiliaji, ambao hawakuwa na habari kwamba wanachora mji. Wao walikuwa wanapeleka maji kutoka kwenye banio hadi jaruba la mwisho.

Hili lina athari ambayo mgeni haioni haraka. Mfereji mkubwa ni ukuta uliolala. Hauvukwi popote, unavukwa penye kalavati, au penye magogo mawili yaliyolazwa na mtu mwenye huruma. Aliyeweka kalavati mahali fulani miaka arobaini iliyopita ili trekta lipite, bila kujua, aliamua duka litakuwa wapi, kijiwe cha bodaboda kitakuwa wapi, na kiwanja kipi kitakuwa ghali. Ukitaka kujua njia panda za Ubaruku za mwaka 2050 zitakuwa wapi, usiangalie nyumba. Angalia vivuko.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mfereji, au ukuta, au uzio wa shamba, wenye urefu wa mita 400 usio na kivuko katikati. Mama anayeishi katikati yake anataka kwenda kwa jirani wa ng'ambo, mtu anayeweza kumsalimia kwa sauti. Atatembea mita 200 hadi mwisho, avuke, arudi mita 200. Kwenda na kurudi ni mita 800, kwa mtu anayemwona kwa macho. Sasa weka vivuko kila mita 100. Popote atakapokuwa kati yake, hatazunguka zaidi ya mita 100. Mkumbuke pia mtoto wa darasa la pili, kipindi cha mvua, kwenye lile tope jeusi la Usangu linalovua kiatu mguuni. Yeye hazunguki mita 400. Atavuka kwenye gogo.

Wataalamu wa miji hupima jambo hilihili kwa namna zao. Wanahesabu njia panda na kuona ngapi zinakutanisha njia nne, ngapi tatu, na ngapi ni mitaa inayoishia ukutani. Wanalinganisha safari ya mguu na mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walifanya hesabu hiyo kwa dunia nzima na kuichapisha mwaka 2020, wakaona kwamba tangu mwaka 1975 mitaa mipya inayojengwa duniani imekuwa ikizidi kutounganishwa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, walikuwa wameitazama Marekani ya karne nzima. Huko miji ya zamani ilijengwa kwa mitaa inayokatana kama nyuzi za mkeka, kisha kuanzia miaka ya 1930 wakala wa serikali ya shirikisho wa mikopo ya nyumba ukawashawishi wajenzi waachane na mtindo huo na kupendelea mitaa inayoishia kwenye kiduara. Hali iliendelea kuwa mbaya hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaanza kupata nafuu. Lakini nafuu hiyo ni ya mitaa mipya. Ile iliyokwisha kujengwa imebaki vilevile, na wakazi wake wanawasha gari kwenda kununua maziwa.

Jengo huvunjwa, paa hubadilishwa, mwenye nyumba hufa, warithi wakagombana na kuuza. Mtaa hubaki. London iliungua mwaka 1666, sehemu kubwa ya mji wa kale ikawa majivu, na baada ya siku chache tu Christopher Wren alimpelekea mfalme ramani ya mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Haikujengwa. Kila mwenye kiwanja alijua mpaka wake hata chini ya majivu, akaupigania, na London ikainuka juu ya mitaa ileile, baadhi tu ikiwa imepanuliwa. Moto ulishindwa kuondoa vichochoro.

Tusiende mbali, twende Kariakoo. Mitaa yake ilipigwa mistari na watawala wa kikoloni takribani karne moja iliyopita, kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za udongo na makuti. Nyumba zile zikawa za bati, bati likawa ghorofa mbili, ghorofa mbili zikawa kumi, na leo hakuna aliyebaki na ua wa kuanikia mpunga. Lakini Narung'ombe ni Narung'ombe, Mkunguni ni Mkunguni, na kona ya Swahili na Aggrey iko palepale. Kariakoo inafanya biashara ya nchi nzima na ya majirani zetu juu ya mitaa iliyopimwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Msongamano upo, kila mtu anaulalamikia. Lakini ukizibiwa mtaa mmoja, unapita wa pili.

Sisi wenyewe tuna ushahidi wa karibu zaidi, na nashangaa hautajwi kwenye vikao vya halmashauri. Miaka ya 1970 na 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliendesha mradi wa viwanja katika miji saba. Mbeya ilikuwamo tangu awamu ya kwanza, pamoja na Dar es Salaam na Mwanza. Iringa iliingia awamu ya pili pamoja na Tanga, Tabora na Morogoro. Mradi ulifanya kazi za aina mbili. Sehemu nyingine ulikwenda kwenye ardhi tupu, ukapima viwanja, ukachonga barabara, ukaleta maji, kisha watu wakajenga wenyewe kwa uwezo wao. Sehemu nyingine uliingia kwenye makazi yaliyokwisha kujaa na kujaribu kuyaboresha.

Baada ya zaidi ya miaka thelathini, wachumi walirudi na picha za satelaiti na madodoso, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Maeneo yaliyopimwa yakiwa matupu yana mpangilio zaidi kuliko majirani zao ambao nao walianza wakiwa watupu lakini hawakupimwa. Nyumba zake ni kubwa zaidi, zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa za ghorofa, na zimeunganishwa zaidi na umeme, maji na barabara. Wakazi wake wamesoma zaidi kidogo, lakini tofauti hiyo haitoshi kueleza tofauti ya nyumba. Na yale yaliyoboreshwa baada ya kujaa? Watafiti walikuwa waangalifu, kwa sababu ni vigumu kupata cha kuyalinganisha nacho, ila dalili walizoziona hazionyeshi kwamba yamewazidi majirani. Yakitofautiana nao, ni kwa kuwa nyuma.

Yasome tena matokeo hayo ukiwa na Ubaruku kichwani. Mradi uleule, fedha za benki ileile, nchi ileile, miaka ileile. Kilichotofautiana ni nani aliyetangulia, njia au nyumba.

Hapa kuna dhana moja ya kuirekebisha, nayo ni ya wasomi kuliko ya wananchi. Husemwa kwamba makazi holela hayajaunganishwa na yaliyopimwa yameunganishwa. Ukienda kwa miguu utaona si hivyo. Manzese, ukiwa na miguu miwili na mtu wa kukuelekeza, unatoka kona yoyote ukatokea kona yoyote. Kila uchochoro unatokea mahali, na mzunguko ni mdogo. Kinachoshindikana ni gari la zimamoto, gari la wagonjwa na gari la maji taka. Kwa upande mwingine, kuna mitaa ya Dar es Salaam iliyopimwa vizuri, yenye hati na bikoni, ambako mtu anatembea nusu kilomita akifuata ukuta mmoja mrefu wenye vigae vya chupa juu yake, na mlinzi getini anamwambia hapapiti. Ramani inaonyesha barabara. Barabara ina geti.

Kwa hiyo nadhani tunaisimulia historia ya miji yetu kinyume. Tunasema mji ulianza ukiwa vurugu, kisha serikali ikauunganisha polepole. Lakini sehemu inapoanza kukaliwa, imeunganishwa kupita kiasi: unatoka nyumbani kwako unakata moja kwa moja kwenda unakotaka, kwa sababu hakuna cha kukuzuia isipokuwa mahindi ya mtu. Kila nyumba inayoongezeka inafunga njia moja. Kila choo, kila zizi, kila banda la kuku linalosogezwa. Kwanza unakata kupitia uwanja wa mtu na kumwamkia. Baadaye unapita pembeni ya ukuta wake. Baadaye ukuta unaungana na wa jirani. Hakuna aliyefanya uovu. Kila mmoja alifunga kipande kidogo kilichokuwa chake kihalali, na jumla yake ni kitongoji kizima kisichotokea popote. Mitaa tuliyo nayo ni ile michache ambayo mtu alikataa isifungwe, au alilazimishwa.

Mauzo ya mashamba yanaharakisha jambo hili. Mwenye shamba haliuzi lote. Anauza kipande cha ada ya shule, kingine cha matibabu, kingine cha kuoza binti. Kila mnunuzi anaambiwa, "Njia itapita hapa," na mkono unaonyeshwa kuelekea mahali fulani. Kwenye karatasi ya mauziano njia hiyo haipo. Kuna majina, kiasi cha fedha na mipaka ya mashariki na magharibi. Mnunuzi wa mwisho, ambaye mara nyingi ametoka mbali na hakusikia ahadi walizopewa wenzake, anajenga juu yake. Mgogoro unakwenda baraza la kata, watu wanakosana, na mwisho wake wa kawaida ni kupatana kwa mita moja na nusu. Bodaboda inapita. Pawatila haipiti. Fuso la kupakia mpunga halithubutu, kwa hiyo viroba vinabebwa mgongoni hadi barabarani, na gharama ya mbebaji inakatwa kwenye bei ya mkulima.

Wazee watasema tulishawahi kuwa na mistari iliyonyooka. Ni kweli. Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri na kuweka mwisho wa 1976, ilipanga nyumba safu kwa safu katika maeneo mengi, Iringa na Mbeya zikiwamo. Mengi yanaweza kusemwa juu ya namna watu walivyohamishwa, na yalishasemwa na waliohamishwa wenyewe. Siitamani ile amri. Naona tu kwamba njia moja pana iliyonyooka, ikishawekwa mbele ya nyumba, watu huitunza bila kuambiwa, kwa sababu kila mlango umeielekea.

Barabara kubwa zina ulinzi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na kila aliyewahi kupita barabara ya TANZAM kati ya Makambako na Mbeya anaijua ile alama ya X kwenye kuta: nyekundu ukibomoa hupati kitu, kijani kuna fidia. Watu wanaichukia X, na wana sababu zao. Ila wanaiheshimu. Mtu mwenye akili hanunui kiwanja chenye X. Sasa niambie ni nani anayeweka X kwenye ukuta unaoziba kichochoro cha kwenda zahanati. TANROADS, wakala wa hizo barabara kubwa, haihusiki. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini, ina orodha yake ya barabara, na njia ya juu ya tuta la jaruba haimo. Kijiji kinasema ni mji sasa; mji unasema hapo bado hapajapimwa. Njia ya watu wengi kuliko wote haina mwenyewe.

Matokeo ya kukosa njia ndogo huonekana kwenye barabara kubwa, na hapo ndipo serikali huamka na kutoa mabilioni. Itazame Dar es Salaam. Barabara zake kuu, za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, zinatoka katikati ya mji kama zilivyotoka njia za zamani za misafara na biashara, na kwa miongo mingi kilichokosekana ni cha kuzifunga zenyewe kwa zenyewe. Mtu wa mtaa mmoja anayekwenda mtaa wa pili, kilomita mbili tu, inambidi aingie barabara kuu kwa sababu katikati hapapitiki. Kisha tukashangaa njia panda za TAZARA na Ubungo hazipitiki. Tukajenga daraja la Mfugale, likafunguliwa 2018. Tukajenga la Kijazi, likafunguliwa 2021. Yamesaidia, sikatai. Lakini juu ya madaraja hayo wapo watu wengi ambao hawakuwa na safari ya barabara kuu. Walikuwa wanakwenda kwa jirani.

Mbeya inaelekea hukohuko, ikisaidiwa na milima. Mji ulianza mwaka 1927 chini ya Mlima Loleza, ukashuka, ukaikuta TANZAM, ukajinyoosha nayo: Uyole, Ilomba, Mwanjelwa, Iyunga, hadi Mbalizi. Mabonde ya mito yanakata mitaa ya pembeni vipandevipande, madaraja madogo ni machache, kwa hiyo lori la shaba la kutoka Zambia na Kongo, daladala, bajaji ya nyanya na mwanafunzi wote wanakutana kwenye lami moja. Sasa barabara inapanuliwa kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29. Ni kazi iliyochelewa na ninaishangilia. Nasema tu kwamba bila vivuko vya mabonde na mitaa ya pembeni inayotokeana, njia nne zitajazwa na walewale waliojaza mbili.

Ubaruku haiko huko bado. Hilo ndilo linalonifanya niiandikie makala badala ya kuiandikia rambirambi.

Najua mapingamizi, nimeyasikia kwenye vijiwe na maofisini. La kwanza ni wizi: njia inayopita nyuma ya nyumba inapitisha pia mwizi wa mifugo na wa nyaya. Ni hoja nzito kwa mtu aliyeibiwa. Lakini kichochoro kinachopitwa na watu wengi mchana na jioni kina macho. Kinachotisha ni kile kilichobanwa kati ya kuta mbili ndefu zisizo na mlango wala dirisha. Acha njia, kisha elekeza milango kwenye njia. La pili ni magari: wazazi wanaogopa Fuso likipita mbele ya mlango. Njia si lazima iwe ya Fuso. Miguu, baiskeli, toroli na bodaboda vikipita kila mita 100, na magari kila baada ya mita mia kadhaa, mji unapumua na watoto wanacheza.

La tatu ndilo lenye uzito mfukoni: ardhi inapotea. Tupige hesabu ya ekari moja, takribani mita 64 kwa 64. Njia ya mita 4 inayoikata yote inakula mita za mraba 256, asilimia 6 na ushei. Si bure. Lakini nenda ukaulize bei ya kiwanja chenye njia ya gari na bei ya kile cha nyuma kisichofikiwa na tofali, halafu rudi uniambie mwenye shamba amepata hasara gani. Anayepata hasara ya kweli ni yule ambaye njia nzima imeangukia kwake huku majirani zake wakineemeka. Huyo anastahili kufidiwa na wenzake, na vikundi vinavyokopeshana Ubaruku, vinavyojua kugawana zamu za maji kwa saa, haviwezi kushindwa kugawana mita nne.

Na la nne: urasimishaji utakuja, ngoja. Huu ndio usemi unaonikera. Urasimishaji ni kazi nzuri ya kuokoa kilichobaki. Unakuta nyumba zimejaa, kamati inaomba kila mtu amege kidogo, wenye ukuta wa udongo wanakubali, wenye ukuta wa zege wanakataa, na ramani inapindishwa kuwafuata wenye zege. Mwishowe kuna hati, na hati ni jambo kubwa benki, lakini njia ni ileile ya mita moja na nusu, sasa imethibitishwa kisheria.

Ethiopia walichagua njia nyingine ambayo haihitaji mtaalamu wa kila mtaa. Kuanzia mwaka 2013, kwa ushauri wa Shlomo Angel wa Chuo Kikuu cha New York, miji ya Bahir Dar, Mekelle, Adama na Hawassa ilichora nje ya mipaka yake, kwenye mashamba, barabara kuu zenye upana wa mita 30, zikiachana takribani kilomita moja, kisha ikaanza kuzilinda kabla mji haujafika. Hawakupanga rangi ya mabati. Walipanga kitu kimoja ambacho mtu binafsi hawezi kukipanga, mengine wakawaachia wajenzi. Kwa Ubaruku nisingeanza na mita 30. Ningeanza na vivuko vya mifereji na matuta.

Kazi hiyo ina mahali pa kushika. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya anwani za makazi. Vijana walipita kila kitongoji na simu, wakaingiza njia na nyumba kwenye mfumo wa NaPA, nguzo zikasimikwa, na vichochoro ambavyo havikuwahi kuitwa kitu vikapewa majina. Watu walicheka kuona kibao cha "Barabara ya" fulani kwenye njia isiyopitisha mkokoteni. Mimi sikucheka. Kwa mara ya kwanza serikali iliandika kwamba njia ile ipo. Orodha hiyo imetumika kwa barua na vifurushi, na haijatumika kwa jambo lililo wazi zaidi: kwamba njia yenye jina na namba isiweze kuuzwa. Halmashauri ya Mbarali inaweza kuipitisha orodha hiyo, kata kwa kata, kwa sheria ndogo, ikiandika upana mbele ya kila jina na kumkataza mtendaji kugonga mhuri kwenye mauziano yoyote yanayoiziba. Mhuri wa mtendaji ndio X ya maskini. Usipogongwa, mnunuzi mwenye akili anaondoka.

Kinachobaki ni kuongeza kwenye orodha yale matuta ambayo mwaka 2022 yalikuwa bado ni shamba, na kukaa na wamiliki wa mifereji kukubaliana vivuko vitakuwa wapi. Hapo mwekezaji wa shamba kubwa, skimu za wakulima wadogo na TARURA lazima wawe meza moja, kwa kuwa kalavati likiwekwa vibaya linaziba maji, na mkulima wa chini hatasamehe. Wagawaji maji wanaozunguka kwenye matuta kila siku wanajua yapi yanapitwa na wangapi kuliko ramani yoyote ya Mbeya au Dodoma. Waanze kuulizwa wao.

Na kuna suala la majira. Usangu mpunga huanza kuvunwa kwa wingi kuanzia Mei, na fedha za mpunga ndizo zinazonunua viwanja. Kikao kikiitwa Septemba, kamba zitakuwa zimeshavutwa na misingi imeshachimbwa. Kiitwe Machi, wakati maji bado yamo majarubani na kila tuta linaonekana wazi kwa sababu ndipo mahali pekee pakavu pa kukanyaga.